Ile Pesa Itume Kwenye Namba Hii

Ukiishi mtaani kwetu Mabibo ukasema kazi yako ni kuandika habari za teknolojia, watu watakusikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha watakukabidhi simu zao. "Anko, hii inajizima yenyewe." Mwaka wa sita huu naeleza kwamba mimi naandika tu, bisibisi sina. Haisaidii. Mama muuza mandazi wa pale kona ndiye aliyenimaliza: "Sasa unaandikaje kitu usichoweza kukitengeneza?" Nikanyamaza, nikamkalishia betri yake vizuri, simu ikawaka. Nililipwa mandazi manne, papo hapo, yangali ya moto. Hakuna mhariri aliyewahi kunilipa kazi yangu ingali ya moto.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa na mahojiano ya simu na Mtanzania mmoja aliyeko Ujerumani, mtaalamu wa akili mnemba. Nimeandika mnemba kwa sababu makala yenyewe ni ya mteja wangu mmoja. Ingekuwa ya yule mwingine, mhariri angeifuta mnemba akaweka unde. Wakubwa wa lugha wakishaelewana watanijulisha. Mimi nalipwa kwa idadi ya maneno, na kokote ninakohesabu nayapata mawili.

Mtaalamu ndiyo kwanza amenoga, mita ya luku ikaanza kulia. Betri ya kompyuta yangu ilikufa mwaka juzi, bila waya wa ukutani ni sinia, na maswali yangu yote yalikuwa humo. Nikamwomba aendelee kufafanua, mimi huku nanunua umeme kwa simu hiyohiyo. Namba zikaja, tarakimu 20. Mita iko koridoni, juu, na waya wa kompyuta hautoki chumbani. Nikamtuma mtoto wa jirani apande kwenye ndoo abonyeze, mimi namsomea nne nne kwa sauti ya chini.

"Anko, imekataa."

"Futa. Anza upya. Nne, nne, moja, saba."

"Saba au sita?"

Tulirudia mara tatu, umeme ukaingia, mtaalamu hakugundua kitu, au alikuwa na adabu. Balaa nililiona usiku. Nina programu inayorekodi mazungumzo na kuyageuza maandishi. Kiswahili inakisikia kama mgeni aliyeshuka bandarini jana, lakini tarakimu inazijua barabara. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandishi yale, mtaalamu wetu wa Ujerumani anaamini kwamba mustakabali wa akili mnemba barani Afrika ni 4417 futa siyo hiyo, na kwamba serikali zetu zinapaswa kushuka kwenye ndoo taratibu. Hilo la mwisho nilitamani kulibakiza.

Jumanne nilikwenda hotelini kwenye uzinduzi wa simu mpya. Ni nyembamba kuliko ya mwaka jana. Wali ulikuwa mzuri.

Jumatano ndipo penye kisa. Nilikuwa namalizia makala ya utapeli wa simu, na nilikuwa nimefika kwenye ule ujumbe ambao sidhani kama kuna Mtanzania mwenye laini hajawahi kuupata: ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Mtu anayeuandika hakujui. Anautupa kama jarife, kwa namba chungu nzima, akijua kwamba miongoni mwa hizo hakosekani mtu ambaye siku hiyohiyo anatakiwa kumtumia mwenzake pesa: ada, mahari, kodi, nusu ya bei ya ng'ombe. Na kazi yote inafanywa na neno moja, ile. Halitaji kiasi, halitaji deni, halimtaji mdai. Linamwachia msomaji ajaze mwenyewe. Mimi naandika kwa riziki, na nakiri sijawahi kuandika neno la herufi tatu lenye nguvu hiyo.

Aya hiyo iliniridhisha sana. Nikachemsha chai. Kurudi, nakuta ujumbe kwenye simu, kutoka namba ngeni: "Ile pesa itume kwenye namba hii. Ile nyingine imeharibika. Jina litakuja la kijana."

Niliona kama zawadi. Nikajibu: "Babu, hata matapeli wenzako wameshabadilisha mtindo. Nenda kalime." Nikaupeleka ujumbe 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama nilivyowashauri wasomaji kwenye aya ya tisa. Nikaupiga picha ya skrini, nikaipachika kwenye makala kama mfano hai, nikamtumia mhariri kabla chai haijapoa.

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa na mjukuu wa mwenye nyumba wangu.

"Shikamoo anko. Babu anauliza kama una homa."

Mzee anaishi Mbezi na nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa mwashi maisha yake yote. Wiki ile simu yake ilitumbukia kwenye pipa la maji ikafa pamoja na laini. Akaenda kurudisha laini, akaambiwa aweke kidole. Mashine ikagoma. Akaweka kingine. Mjukuu anasema walizunguka vidole vyote kumi, wakavifuta kwa kitambaa, wakavipaka mafuta, mpaka foleni nzima nyuma yao ikawa inatoa ushauri. Miaka 40 ya saruji na chokaa imevisugua vidole vya mzee, vimekuwa laini kama kigae. Kijana akatoa cha kwake, na ndiyo maana jina lingekuja la kijana.

Sasa, Januari 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kuna mtu aliandika makala ya kuusifia utaratibu ule, akasema alama ya kidole ni kitambulisho ambacho mtu hawezi kukipoteza. Makala ninayo, na jina la mwandishi ni langu. Nilikuwa sijawahi kushikana mkono na mwashi nikauangalia.

Ijumaa yote nilikuwa mtu wa kuomba. Nilimwomba mhariri aitoe ile picha. Akasema ndicho kitu pekee kilicho hai kwenye makala nzima. Tukakubaliana afiche namba. Nilimpigia mhasibu wa gazeti kuulizia ankara yangu ya miezi miwili nyuma, akasema inafanyiwa kazi, kwa sauti ya mtu anayekula. Nilimtumia mzee ujumbe wa kuomba radhi, kisha wa pili, kisha wa tatu wenye salamu ndefu. Kimya.

Jumapili nikanunua sukari kilo mbili, nikapanda daladala hadi Mbezi. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mtaalamu." Hilo mtaalamu alilisema polepole.

Nikaeleza yote, mpaka la aya ya tisa. Alisikiliza huku akiipima sukari kwa mkono. Mwishowe akauliza nina mpango gani, nami kwa wasiwasi nikampa mipango yangu yote ya wiki: kesho nanunua luku mapema, Jumanne nakwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kutafuta betri ya kompyuta, na katikati ya wiki naanza makala mpya ya usajili wa laini, safari hii nikianzia kwa wazee waliojenga na kulima mpaka alama zikafutika. Nikasema ningependa kumhoji yeye.

"Nilikuwa nauliza mpango wa kodi," akasema. "Miezi sita."

Nikamwambia nilikwisha kumweleza hilo la kodi kwenye ujumbe, wa pili na wa tatu. Akasema hajaona ujumbe wowote, akanipa simu nimwangalizie. Nilitafuta kwenye ujumbe, hamna. Nikaingia kwenye mipangilio, kwenye orodha ya namba zilizofungiwa. Ilikuwemo moja tu. Mjukuu alikuwa ameihifadhi kwa jina la TAPELI MABIBO.

"Kijana kanifundisha," mzee akasema. "Mtu akikutukana kwenye simu, unamfungia."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kujifungulia.

"Acha hapohapo. Kodi ikiingia nitakufungua mwenyewe."

Nikaanza kumweleza kwamba sasa itakuwa vigumu kumjulisha pesa ikishatumwa.

"Pesa haizuiliki," akasema. "Nimeuliza. Na weka na ya kutolea."