Ombi la Utalii wa Muda

Kwa Mheshimiwa unayesimamia fukwe za mji,
Unguja.

YAH: RUHUSA YA KUKAA KITAKO MCHANGANI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Ufuo wa Shangani sasa unapendeza. Vitanda vimepangwa, miavuli imefunguliwa, na kamba imevutwa kutoka ukutani hadi karibu na maji ili mtu kama mimi asije akapitiwa akajikuta ameketi. Bahari yenyewe haina tabu na mtu. Kusi likichafua upande wa mashariki, huku kwetu maji yametulia kama ya kwenye birika, na ndiyo sababu watoto wa mjini hujifunzia kuogelea hapa kabla ya kwenda kupiga makachu Forodhani.

Mlinzi wa hoteli, ambayo jina lake nalihifadhi, ametusomesha mipaka: mchanga mkavu wa wageni, uliolowa wetu. Tumeshukuru. Ila kuna siku za bamvua. Mwezi ukiandama au ukipevuka, kwenye saa kumi jioni maji yanakuwa yamejaa, na saa kumi ya Jumapili ndiyo saa ambayo mtu wa mitaa ya Ng'ambo keshafua, keshapika, kavisha watoto na kateremka mjini. Akifika anakuta fungu lake la mchanga liko chini ya maji ya kifuani. Pakavu pamebaki pa hatua chache, na pamelazwa vitanda ambavyo havina mtu.

Mwezi uliopita shangazi yangu, mtu mzima, aliketi hapo pakavu na buibui lake akisubiri wajukuu watoke majini. Mlinzi akamwendea kwa adabu zote: "Bi mkubwa, hapa pa wageni." Shangazi, mzaliwa wa Malindi ya hapa hapa mjini, akatazama kulia, akatazama kushoto, asimwone mgeni hata mmoja. Akanyanyuka. Akalikung'uta buibui taratibu mpaka punje ya mwisho, asije akadaiwa mchanga.

Kwa kuwa nimeshaelewa kwamba kasoro si ufuo, kasoro ni mimi, naomba ofisi yako inipatie utalii wa muda. Sitaki mkubwa. Kila Jumapili, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, niandikishwe kuwa mtu wa Norway. Masharti yote nitayatimiza. Nitavaa kaptura yenye mifuko sita na kubeba chupa ya maji. Nitajipaka mafuta ya jua mpaka niteleze. Nitapotea vichochoroni Kiponda, mahali ambapo naweza kupita nimefumba macho, na nitamwuliza mtoto wa skuli njia ya kwenda baharini. Papasi akiniambia "Jambo", nitamjibu "Jambo" na wala sitacheka. Dafu nitalinunua mara tatu ya bei, nipige picha nalo, kisha nilinywe nusu nilitupe. Nitastaajabu karafuu. Nitaguna mbele ya kila mlango wenye misumari ya shaba, hata wa kwa mjomba wangu, na akitoka mwenyewe nitamwomba asimame tumpige picha. Saa kumi na moja ikigonga nitarudisha kitambulisho dirishani, nivue kofia, nirejee kuwa mwenyeji na nipande daladala yangu kimyakimya. Ada ya utalii nipo tayari kulipa, mradi ipokewe kwa shilingi.

Shangazi yangu naye anaomba. Yeye angependa uwe wa Italia, kwa sababu ya viatu.

Ikiwa kuna nafasi kwenye bajeti, tunaomba pia choo kimoja, pipa la taka, na kivuli cha mti wowote ambao haujawekewa meza.

Sasa Mheshimiwa, nieleze jambo moja. Maji machafu ya Mji Mkongwe yanateremka kwenye mabomba mchana kutwa na usiku kucha hadi baharini, na hakuna mlinzi aliyewahi kuyauliza yanakwenda wapi. Taka zetu zina njia ya kufika pwani, sisi hatuna. Sheria ya mwaka 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hatukuona mahali palipoandikwa kwamba dunia hiyo sisi hatumo. Mtu kakodishwa jengo. Mchanga kauziwa na nani? Kwa shilingi ngapi? Risiti iko wapi? Mwanamke wa miaka sabini anafukuzwa kwenye pwani aliyochezea utotoni kwa ajili ya kitanda kitupu, na wewe umekaa katika ofisi yenye dirisha la baharini.

Uniwie radhi, nimepandisha sauti. Hewa ya pwani hiyo.

Ikionekana kwamba utalii wangu utachukua vikao vingi, kamati na semina elekezi, kuna kazi nyingine nyepesi isiyohitaji hata muhuri. Kamba imefungwa fundo moja kwenye ndoana ya ukutani, upande wa kushoto ukiteremka ngazi. Mtume mtu akaifungue.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Ng'ambo