Sahani Zisizopakuliwa Wali

Ami, shikamoo.

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba mimi huku Minnesota, alhamdulillahi, ni mzima, ingawa Oktoba imeingia na baridi yake. Nami nakuomba uisome barua hii hadi tamati kabla hujauliza habari za hawala.

Watu wa huku wana mchezo wa kurusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, na anayekitia kikapuni kwa mitupo michache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick wa California katika miaka ya 1970, bwana aliyeuhusudu mchezo huu hata alipofariki mwaka 2002, kwa matakwa yake mwenyewe, majivu yake yakachanganywa na plastiki na kufinyangwa visahani. Ndiyo maana kila nishikapo kisahani cha mtumba humrehemu marehemu kwanza, kwa tahadhari.

Mimi, kwa ghururi, nilinunua kisahani cha kasi ya 12, chenye ukingo mpana na mkali, ilhali kikapu kilikuwa mita 50 tu. Nikakirusha kwa taadhima; kikapinda kushoto kama mbuzi aliyeona mihogo ya jirani, kikatumbukia ziwani, mbele ya bata wasio na huruma.

Mzee mmoja wa makamo yako akanisogelea, akanieleza kwamba kisahani cha kasi hudai mkono wa kasi, na asiye nao, akirusha kwa mkono wa kulia, kitamwangukia kushoto mapema. Kila kisahani, akasema, kina namba nne: kasi, kuelea, kukengeuka mwanzoni, na kupinda mwishoni. Akanitolea cha masafa ya kati kiitwacho Buzzz, 5, 4, -1, 1: hakitaki nguvu nyingi, hukengeuka kulia kidogo, kikarudi kushoto kidogo, hesabu ikalingana. Kile kiitwacho Roc3, 5, 4, 0, 3, kina kasi iyo hiyo, lakini mwisho wake hupinda zaidi, nacho humfaa mwenye haja ya kuuzunguka mti. Tena nisihadaike na plastiki ing'aayo, ambayo katika baridi hukakamaa na kuteleza. Ile rahisi ndiyo ishikikayo.

Nikatandaza vidole chini ya tumbo la kile Buzzz, gumba juu, nikakirusha kwa nusu ya nguvu zangu. Kikaenda kimya, sawa, kikatua taratibu hatua tatu kutoka kikapuni, na mzee akatikisa kichwa kama mwalimu wa chuo aliyesikia Alifu ikitamkwa vyema.

Siku ya pili nikanunua changu. Basi, Ami, dola 40 zilizopungua katika hawala ya mwezi huu, nusu zimo mkobani mwangu na nusu zimo ziwani.

Wako mtiifu.