Kodi ya Mwezi Isiyolipwa kwa Mwezi

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kumpata mtu mzima mwenye ajira, ipo moja ambayo bado haijapewa uzito unaostahili, nayo ni ile ya kuhama Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa sababu ya unafuu wa maisha, baada ya kuutangaza unafuu huo kazini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha, kabla hata godoro halijatolewa kwenye nailoni, kumpigia simu shemeji aliyetangaziwa kwa sauti kubwa kuliko wote ili kumwomba laki tatu za kumalizia kodi ya pango. Shemeji huzituma siku hiyo hiyo, tena pamoja na ya kutolea, jambo ambalo huongeza uchungu badala ya kuupunguza.

Chanzo cha fedheha hii ni jedwali. Mhamaji huchora safu mbili, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya Dodoma, kisha hulinganisha bei za chumba na sebule, yaani makazi ya vyumba viwili vinavyofuatana, kimoja cha kulala na kingine cha kupokelea wageni wanaokuja bila taarifa. Ichukuliwe kwamba makazi hayo hupangishwa kwa shilingi 250,000 kwa mwezi Sinza na kwa 150,000 Nkuhungu: tofauti ni laki moja, ambayo ikizidishwa mara 12 huwa milioni moja na laki mbili, na mhamaji akishafika hapo huanza kuulizia bei za viwanja. Hesabu yenyewe haina kosa. Kasoro ni kwamba namba zilizolinganishwa ni za kodi ya mwezi, na kodi ya mwezi ni namba ambayo kila mtu huitaja lakini mpangaji mgeni haambiwi kamwe ailipe.

Kabla ya kuifikia namba inayolipwa, mhamaji hupita kwanza kwa dalali. Dalali ni mtu anayemuunganisha mpangaji na mwenye nyumba, naye kwa desturi hulipwa na mpangaji ujira unaolingana na kodi ya mwezi mmoja, mbali na hela ya usumbufu, ambayo hutolewa hata kama nyumba iliyoonyeshwa haina paa. Muundo wa kazi hii unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana ni vigumu kuamini kwamba haukubuniwa na mtu mmoja mwenye akili nyingi: anayemlipa dalali ni mpangaji, anayetiiwa na dalali ni mwenye nyumba, na kwa kuwa ujira hupanda kadiri kodi inavyopanda, yule aliyetumwa kutafuta nyumba ya bei nafuu ndiye yule yule ambaye unafuu humtia hasara. Zaidi ya hayo, dalali anayepigiwa simu mara nyingi hana nyumba yoyote; ana dalali mwenzake wa Ilazo, ambaye naye ana kijana wa Kisasa, ambaye naye anamfahamu mtunza funguo, na wote wanne hujitokeza siku ya malipo, kila mmoja akiwa na sura ya aliyefanya sehemu ngumu zaidi ya kazi.

Mhamaji anayetafuta nyumba akiwa umbali wa kilomita zipatazo 450 hulazimika kuamini picha. Picha za madalali hupigwa kutoka kona ya chumba, simu ikiwa imeinuliwa juu na mkono umenyooshwa hadi mwisho, ili kitanda cha futi sita kwa sita kidhaniwe kwamba kitaingia na bado patakuwa na nafasi ya kabati. Akiombwa video, dalali huizungusha kamera kwa kasi inayozuia dari isionekane, huku akieleza mambo ya eneo zima: ukaribu wa lami, utulivu wa majirani, na mtumishi mmoja wa wizara ambaye ameshaahidi kulipia kesho asubuhi. Mtumishi huyo hajawahi kuonekana na mtu yeyote, ingawa ndiye aliyepangisha nyumba nyingi kuliko wote katika jiji hilo. Wala haiwezi kusemwa kwamba ni uongo mtupu, kwani TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, watumishi wengi wakaendelea kubaki pwani hadi agizo la mwaka 2016 lilipoanza kuwahamisha, na wenye nyumba waliomngoja mpangaji kwa miaka 43 hawawezi kulaumiwa kwa kumpokea kwa hamu.

Hatimaye hufika siku ya mkataba, na namba halisi hutajwa: miezi sita kwa mkupuo. Shilingi 150,000 mara sita ni 900,000, na ukiongeza 150,000 za dalali ni milioni moja na elfu hamsini, kabla ya gari la mizigo, kufuli jipya na balbu zilizoondoka na mpangaji aliyetangulia. Huko Sinza nako desturi ni hiyo hiyo, lakini mpangaji wa miaka mingi huwa ameshapatana na mama mwenye nyumba alipe kila mshahara unapoingia, kwa kuwa anamjua, alimzika mumewe pamoja naye, na watoto wake humwita anko. Kuaminika huko ni mali, tena mali kubwa kuliko friji, lakini Fuso haliwezi kuibeba hadi Nkuhungu.

Sababu ya miezi sita si tamaa peke yake. Wenye nyumba wengi nchini hawajengi kwa mkopo wa benki. Hujenga kwa vipande, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua bati za chumba kinachofuata. Kwa maneno mengine, mpangaji ni benki: hukopesha laki tisa bila riba, bila dhamana na bila kuulizwa, na anachopewa ni ruhusa ya kulala ndani ya mkopo wake. Hapa ucheshi huishiwa pumzi. Mshahara hulipwa kwa mwezi, na hakuna mwajiri anayetanguliza wa miezi sita. Kwa hiyo asiye na akiba hupanga kwa deni, na anayehama ili apate kuweka akiba hutakiwa awe nayo kabla ya kuhama. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wapangaji, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji amebaki na uhuru wa kupatana, uhuru ambao mtu huwa nao kwa wingi zaidi akiwa hana familia inayosubiri ndani ya gari la mizigo.

Umeme nao una maajabu yake. Katika mfumo wa LUKU, ambao mteja hulipia kabla ya kutumia na kupewa tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, kaya isiyozidi uniti 75 kwa mwezi huweza kuwekwa katika daraja la chini la shilingi 100 kwa uniti, kodi na tozo zikiwa kando, ilhali daraja linalofuata hugharimu karibu mara tatu. Kaya tatu zikishirikiana mita moja huvuka kiwango hicho upesi, hivyo watu watatu wasio na friji huhesabiwa kwa pamoja kuwa tajiri mmoja. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yeyote anayetangulia kununua umeme mwezi unapoanza, na ndiyo sababu kila tarehe mosi wapangaji huingiwa na subira isiyo ya kawaida.

Maji huja kwa mgawo. Kabati halikuingia. Vumbi liliingia.

Kuhusu reli ya kisasa iliyofika Dodoma mwaka 2024, inatosha kusema kwamba safari ambayo kwa basi huweza kula siku nzima sasa huchukua saa chache, na kwamba mhamaji mwenye mama mzazi Temeke hana tena kisingizio. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ni shilingi 31,000. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni 124,000, na hapo zabibu za kumpelekea mama hazijahesabiwa.