Waraka kwa Waheshimiwa Wabunge: Tuambieni Hoja Iliishia Wapi

Waheshimiwa Wabunge,

Naishi Ikola, kata ya wavuvi na wakulima kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Nawaandikia ninyi nyote, wa majimbo na wa viti maalumu, kwa sababu nililo nalo halimhusu mmoja wenu peke yake.

Kila mkutano wa Bunge unapoahirishwa mkarudi nyumbani, mnatuambia, "Lile jambo nimelisemea bungeni." Tunashukuru. Lakini hamtuambii mlilisemea katika hatua gani, wala Bunge liliamua nini baada ya ninyi kukaa. Mchango wa dakika chache, swali la nyongeza, hoja binafsi na azimio la Bunge ni mambo manne yenye uzito tofauti kabisa, nanyi mnalijua hilo vizuri. Mkutano wa hadhara unapopigia makofi swali la nyongeza kana kwamba barabara imekwisha kutengewa fedha, nanyi mkayapokea makofi hayo bila kusahihisha, hapo hamtutendei haki.

Chukueni suala la shilingi. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imetulia mwaloni, watu huku hukusanyika kwenye simu moja kufuatilia bajeti za wizara. Mbunge anasimama kwa ukali, anasema anashika shilingi ya Waziri, na mwalo mzima unachangamka. Baada ya muda mfupi anasema ameridhika, anarudisha shilingi. Vijana wanaulizana: alikuwa anadai nini, na amepewa nini?

Wanastahili jibu, na jibu si gumu. Wizara inapoomba fedha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Mbunge asiyeridhika husimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri na kutoa hoja kwamba shilingi moja iondolewe. Shilingi yenyewe haipunguzi kitu. Kazi yake ni kumlazimisha Waziri aeleze kwa kina. Wabunge wengine wakiunga mkono, hoja hujadiliwa, na mwenye hoja asiporidhika Mwenyekiti huwahoji wajumbe wote, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Hiyo ni silaha halali na nzuri. Ndiyo maana nawauliza ninyi mnaoirudisha shilingi upesi: mliahidiwa nini hasa? Ahadi hiyo ina tarehe? Iko katika Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku gani? Na mwaka uliofuata, mlipokutana na wizara ileile, mliiuliza ahadi imefikia wapi? Mbunge aliyerudisha shilingi kwa jibu la "Serikali itatekeleza kadiri fedha zitakavyopatikana" amerudi jimboni mikono mitupu, na ni vema atuambie hivyo mwenyewe.

Muda ukiisha, Mwenyekiti hutangaza gilotini, na mafungu yaliyobaki hupita kwa kutajwa tu, bila mjadala. Fedha nyingi za nchi hii hupita kwa njia hiyo. Sijawahi kumsikia mbunge akilieleza jambo hilo katika mkutano wa kijiji.

Kisha mwezi Juni inakuja Bajeti ya Serikali yenyewe, ambayo mnaipigia kura kwa kuitwa jina mmoja mmoja. Hapo kila mtu anasikika. Tunajua pia kwamba Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Kwa hiyo anayesema ndiyo huenda amekubaliana nayo, na huenda anaogopa kurudi kwa wapiga kura kabla ya wakati. Tungemheshimu zaidi mbunge anayetueleza hali hiyo waziwazi kuliko yule anayetuambia kila mwaka kwamba bajeti ilikuwa nzuri sana.

Lakini linaloniuma zaidi ni miswada, kwa maana hapo ndipo mwananchi ana mlango wake, na hatuonyeshwi ulipo. Muswada ukisomwa Mara ya Kwanza, husomwa jina lake tu, hakuna mjadala. Baada ya hapo hupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na kamati ndiyo inayokaribisha maoni ya wadau. Ukifika Mara ya Pili, mjadala mnaotuonyesha kwenye runinga, nafasi ya mvuvi wa Ikola imekwisha kupita. Kamati ya Bunge Zima hupitia kifungu kwa kifungu, husomwa Mara ya Tatu, unakwenda kwa Rais. Muswada ukija kwa hati ya dharura, kama miswada ya utajiri na maliasili za nchi ilivyopitishwa Julai 2017, siku za maoni huwa chache hata kwa anayeishi Dodoma. Aliye huku ziwani atasikia sheria ikiwa imeshapita.

Na si kila kinachotubana ni muswada. Ziwa letu lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Sibishani na nia ya kuacha samaki wazaliane. Kila anayevua migebuka anajua wamepungua. Watu waliuliza tu: Bunge lilikaa lini likapitisha hili? Hakuna aliyetueleza kwamba mambo ya ziwani huendeshwa zaidi kwa kanuni, ambazo Waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Uvuvi, zikatangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwamba kanuni hizo huwasilishwa mezani bungeni. Na kwamba Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzichambua na kusema pale Waziri alipovuka mpaka. Na kwa kuwa ziwa lilifungwa kwa makubaliano ya nchi kadhaa, hakuna aliyetuambia pia kuwa Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba. Mvuvi aliyelala miezi mitatu bila kipato alikuwa na mahali pa kupeleka hoja yake. Yeye hakupajua, ninyi mlipajua.

Mwaka 2021 mlifanya jambo jema: mlibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Lakini Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ambazo kwazo nyavu hukamatwa na kuchomwa moto mwaloni, ziliandikwa kwa Kiingereza. Kabla ya kujisifu kwa lugha, hakikisheni mwenye wavu ameweza kusoma kosa lake.

Ombi langu ni dogo. Mkija kwetu, njooni na Hansard mkononi. Tuambieni namba ya swali na jibu lililotolewa. Tuambieni muswada gani uko kamatini sasa na maoni yanapelekwa wapi, kabla siku hazijaisha. Ubandikeni muhtasari wake kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata na kwenye mwalo, mahali watu wanapouzia dagaa. Shule za sekondari za kata zipewe nakala ya Kanuni za Kudumu za Bunge, ili kijana ajue tofauti ya kuomba taarifa, utaratibu na mwongozo bungeni kabla hajapiga kura yake ya kwanza.

Katiba inasema mnaisimamia Serikali kwa niaba yetu. Basi mtakapokuja tena Ikola, tutawauliza: kura yenu ilikuwa ndiyo au siyo, na kwenye kifungu gani? Njooni na majibu.

Wenu,
Mkazi wa Ikola, Katavi