Shukrani kwa Uniti Hewa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA),
Nairobi.

KUH: SHUKRANI KWA UNITI HEWA

Bwana Mkurugenzi,

Wafanyakazi hewa tumewazoea: mshahara hutoka, mtu haonekani. Nyinyi mmetuletea uniti hewa, ambazo mteja hulipia bila kuwasha hata balbu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, Kenya Power ilipoteza asilimia 23.16 ya umeme ilionunua. Yaani, ili uniti 100 zimfikie mteja, zilinunuliwa 130. Kwa huruma yenu mliweka kikomo cha mwaka huo: asilimia 18.5 tubebeshwe sisi ndani ya bei, inayozidi hapo kampuni ijibebee. Mchuuzi wa maziwa mwenye ndoo inayovuja huiziba au huacha biashara. Huyu wetu ana kibali cha kuvuja, mradi asipite kipimo.

Kinachonistaajabisha zaidi ya ukubwa wa tarakimu ya upotevu ni kwamba iko moja, ilhali imeficha maradhi mawili. La kwanza ni joto. Kila waya unaopitisha stima hupata moto, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalopotea huongezeka mara nne. Transfoma iliyoelemewa na magorofa yaliyoota baada yake, waya mwembamba unaoburutwa mbali kwa volti 240, fezi moja iliyojazwa wateja huku mwenzake imelala: haya yote hula umeme bila mwizi kukaribia nguzo. La pili ni wizi: mita iliyorukwa, waya wa sambaza uliounganishwa kinyume cha sheria, bili iliyopikwa. Joto hutibiwa kwa waya mnene na transfoma zilizosogezwa karibu na nyumba. Wizi hutibiwa kwa vipimo na sheria. Mkiyachanganya katika tarakimu moja, lawama yote humwangukia mwizi, maana waya mbovu una msemaji ofisini na mwizi hana. Dawa ya kuyatenganisha ni mita kwenye kila transfoma: soma kilichoingia, toa jumla ya mita za nyumba inazohudumia, kisha kokotoa joto la nyaya zake. Kinachosalia ndicho kilichoibwa, na mtaa wake unajulikana.

Najua mtanijibu kwamba Kibera na Mathare wanaiba. Ni kweli stima ya sambaza ipo, lakini anayeitumia hulipa kila mwezi, ila humlipa mwenye genge. Huyo ni mteja aliyenyakuliwa na mshindani, na kumkatia waya mchana ili urudishwe usiku hakumrudishi dukani. Tena mzigo wake unapita kwenye nyaya zile zile na kuzidisha joto lile lile, kwa hiyo anayepuuza wizi hupoteza mara mbili. Mtasema pia kwamba hakuna mtandao usiopoteza chochote. Nakubali; ndiyo maana naomba mtuambie joto ni kiasi gani, badala ya kulifanya blanketi la kufunika kila kitu. Na mkisema mita ni ghali, tazameni Uganda: kampuni ya Umeme ilipochukua usambazaji mwaka 2005, upotevu ulikuwa karibu asilimia 38, kabla haijaondoka mwaka 2025 ulikuwa umeshuka chini ya 20. Umeme haikuwa malaika, na Waganda walinung'unikia bei yake hadi siku ya mwisho. Lakini mdhibiti aliiwekea malengo ya upotevu, ikipoteza pungufu inapata, ikipoteza zaidi inaumia, na mita za Yaka, za kulipia kabla ya kutumia, zikasambazwa nyumba kwa nyumba.

Basi ombi langu ni hili. Mtakapopanga bei tena, ruhusuni mteja atozwe joto lililopimwa tu. Ambalo halijapimwa libaki kwa aliyeshindwa kulipima. Na mpaka siku hiyo, tuongezeeni mstari mmoja kwenye ule ujumbe wa tokeni, chini ya kodi na tozo nyingine: "Uniti hewa." Mfadhili ana haki ya kujua amemfadhili nani, waya au mwizi.

Wako mtiifu katika kulipa,
Mnunuzi wa Tokeni