Gatuanyaga Yote Inatibu Mgongo

Hebu niambieni, kuna mtu wa Gatuanyaga, hapa Thika, asiyejua kutibu mgongo? Tangu wangu unase nikiinua chuma kutoka chini, sijakutana naye. Makanga wa barabara ya Garissa aliniona nikipanda matatu kwa ubavu, akaniagiza mafuta ya nyonyo. Jirani ana shangazi yake Makongeni anayekanda mpaka mifupa iitike. Shosho mwenye kibanda naye: "Si nilikuambia, kijana wangu, hivyo vyuma vitakumaliza?" Hajawahi kuniambia. Alichowahi kuniambia ni bei ya mayai, na mayai hayo nayanunua kwa sababu ya vyuma hivyohivyo.

Sina ugomvi na vyuma. Ugomvi, kama upo, ni na jimu yetu ya mabati, ambako uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji kwenye ncha za bomba, na kopo la kushoto limekula kokoto nyingi kuliko la kulia. Sote twalijua hilo. Dawa yetu ni kugeuza bomba kila raundi, ili tupinde pande zote sawasawa.

Basi nikasema nitafute kairoprakta, mtu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Wengi wako Nairobi. Unanyooshwa, kisha unarudi Thika kwenye kiti cha nyuma, magoti kidevuni, na pesa uliyolipa imeshapotea kabla hujafika Juja.

Kazi ya kairoprakta ilianza 1895 mjini Davenport, Marekani, na Daniel David Palmer, aliyedai kumrudishia kiziwi masikio kwa kumsukuma uti wa mgongo. Mimi nasikia vizuri mno, na ninachosikia kila mahali ni kimoja: acha vyuma. Wanaosema hivyo hawaulizi nabeba kilo ngapi, wala kama naumia nikiinama au nikiinuka. Hata fundi wa pikipiki hamwambii bodaboda mwenye mnyororo uliokatika atembee kwa miguu maisha yake yote!

Halafu kuna kile kishindo cha kwa kairoprakta, "ka!", mteja anatoka akisifu eti mfupa umerudi mahali pake. Hakuna mfupa uliorudi popote. Ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, ileile inayolia ukivuta vidole. Nafuu utapata pengine, ila kishindo si ushahidi.

Mimi nitamfuata atakayeniuliza kwanza, aniinamishe, kisha anipunguzie kilo badala ya kuninyang'anya zote. Mwanafiziotherapia anatosha; kwa sheria ya 2014, wanafiziotherapia wana baraza linalowasajili, kwa hiyo mwombe leseni bila haya. Anayekuuzia vipindi vya miezi mitatu kabla hajakugusa, muage. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe kwa wiki chache, na huyo mwenye haraka ya mkataba analijua hilo vizuri.

Ila ukisikia ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, mkojo ukagoma au mguu ukalegea, usimtafute mkandaji, wala usinitafute mimi. Nenda hospitali ya Thika Level 5 usiku huohuo.