Gumba langu bado liko darasa la kwanza

Kabla sijaja Nagoya kila mtu alinifariji: Kijapani kwa Mswahili ni mteremko, irabu zao ni zetu hizihizi tano. Kweli ni tano. Hawakuniambia kwamba wenzetu wamezipanga kivyao. Mimi niliimba a, e, i, o, u darasa la kwanza mpaka zikaingia damuni. Wao huimba a, i, u, e, o. Unaona ni jambo dogo? Ngoja ushike simu.

Ukigusa "ka" na kuachia, unapata ka. Ukitelezesha kidole kushoto ni ki, juu ku, kulia ke, chini ko. Wanafunzi kwenye treni wanafanya hivyo kwa gumba moja huku wakisinzia. Gumba langu likitakiwa i linakwenda e, likitakiwa e linakwenda i. Juzi nilimwandikia rafiki kwamba namsubiri "eki", yaani stesheni. Ikaenda "ike", bwawani. Akajibu: "Samaki wanakula?"

Nikakimbilia kompyuta. Huko unachapa kwa herufi zetu, ukibonyeza spesi zinageuka kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina. Kanji ipi, hiyo ndiyo kesi. Andika "hashi" uletewe daraja, vijiti vya kulia na ukingo, uchague mwenyewe. Hebu fikiria Kiswahili kikusimamishe kila ukiandika "kaa": la moto, wa baharini, au unataka kuketi? Na kanji za matumizi ya kawaida, kwa orodha ya serikali, ni 2,136. Mimi nazijua labda mia tatu, kwa hiyo nachagua kama mtu anayenunua tikiti maji: nagonga, nasikiliza, naomba Mungu.

Sikatai, wametoka mbali. Mashine ya kwanza ya kuchapa namna hii, ya Toshiba, ilitangazwa mwaka 1978 ikiwa na ukubwa wa meza na uzito wa kilo 220. Ile hata ukikasirika huwezi kuitupa dirishani. Simu unaweza, na nimeshafikiria.

Jumatatu niliamka na homa. Nikamwandikia bosi kwa simu kwamba nitachelewa, napitia hospitali. Hospitali ni "byouin", na hiyo yo yake ni ndogo. Kuna kitufe cha kuipunguza. Homa ikanisahaulisha. Yo ikabaki kubwa, zikaja kanji tatu za heshima kabisa, nikatuma. Bosi akajibu kwa adabu zote kwamba hakuna tabu, nisiharakishe. Nilipoingia kazini saa sita, macho yote yalikuwa kichwani kwangu. Yo ikiwa kubwa inakuwa "biyouin", saluni.

Mimi nina kipara.

Na simu haisahau. Neno ulilolichagua jana ndilo inalokutangulizia leo, kama muuza duka anayemjua mteja wake. Sasa nikiandika "bi" tu, saluni hiyo mbele. Leo koo linaniuma tena. Nimepiga, sijaandika.